Treni Isiyo na Dereva na Mtu Aliyeonyesha Njia

SOMO LA VIKUNDI VYA JUMA HILI

Maandiko ya kusoma: 1 Samweli 13:19–22, 1 Samweli 17:38–40, Matendo 9:36–42

Lengo la somo: Kutofautisha kazi tunayofanya na wito tuliopewa, ili mashine zinapobadilisha kazi zetu tusidhani kwamba Mungu ametuacha bila kazi.



Kikundi chetu cha Industrial Area hukutana kwa simu, kwa sababu zamu zetu hazilingani na wengi hawawezi kutoka kampini kila wanapotaka. Wanaohudhuria wanajua hali ilivyo: huyu anasikika feni, yule anasikika malori, mwingine anaongea kwa sauti ya chini kwa kuwa wenzake sita chumbani wamelala. Majuma machache yaliyopita tulikuwa tumepanga kusoma Waraka wa Yakobo. Kabla hatujaanza, kaka mmoja anayefanya kazi ya ulinzi aliomba nafasi.

Alisema getini kwao walikuwa walinzi wanne. Zimefungwa kamera mpya na geti linalosoma namba za magari lenyewe. Sasa wamebaki wawili, na haijulikani kama mikataba ya hao wawili itaongezwa. Kisha akasema, “Dada, niliacha mke na watoto, nikakopa hela, nikaja kusimama getini. Sasa mashine ndiyo inasimama getini. Mungu alinileta huku kufanya nini?”

Yakobo hatukumsoma siku hiyo. Nilimwombea, lakini nilipokata simu nilijua kwamba sikumjibu. Somo hili ni jibu langu. Limechelewa, na nimeliandika kwa ajili yetu sote, maana swali hilo nalisikia pia kwa madereva, kwa wafanya usafi, kwa makarani wa stoo, na hata kwa sisi wauguzi.

1. TUANZE NA JAMBO TULILOLIONA WENYEWE

Metro ya Doha ilianza kubeba abiria tarehe 8 Mei 2019. Sisi wa Industrial Area hatuna kituo karibu, inabidi tupande basi kwanza, lakini wengi wetu tumeshaipanda. Mara ya kwanza nilikwenda behewa la mbele kabisa kama mtoto, nikatazama njia. Hapakuwa na dereva. Treni inaondoka yenyewe, inasimama yenyewe, milango inafunguka yenyewe. Kazi ambayo kwa babu zetu kwenye reli ya Mombasa ilikuwa ya heshima kubwa, hapa inafanywa na kompyuta.

Halafu likaja Kombe la Dunia mwaka 2022. Wageni wakajaa Souq Waqif, usiku kucha wanatafuta kituo cha treni. Je, ni nani aliyekumbukwa? Kijana wa Kenya, Abubakr Abbas, aliyeketi juu ya kiti kirefu akiwa na kipaza sauti na kidole kikubwa cha sponji, akiwaelekeza watu upande wa metro. Kazi yake ilikuwa kurudia maneno yale yale, na mtu mwingine angeyasema kwa uchovu. Yeye aliyasema kwa mdundo na kwa furaha mpaka umati ukaanza kumwitikia. Video zake zikazunguka dunia nzima, wakamwita Metro Man, na akaalikwa kwenye uwanja wa Al Bayt siku ya mechi ya Uingereza na Marekani.

Tuangalie jambo hili vizuri. Treni yenyewe haikuhitaji mtu wa kuiendesha. Mabango ya kuonyesha njia yalikuwepo, na ramani zilikuwemo ndani ya simu. Hata hivyo mgeni aliyechoka, katikati ya maelfu ya watu, alihitaji binadamu mwenzake amwambie kwa uso wa furaha: njia ni hii.

Sisemi kwamba kila mmoja wetu atapata umaarufu, na wala umaarufu si wito. Nasema kwamba kazi na wito ni vitu viwili. Kazi ni ile iliyoandikwa kwenye mkataba: kuendesha, kulinda, kufagia, kupima presha. Wito ni yule mtu ambaye kazi hiyo ilikuweka mbele yake. Mashine inaweza kuchukua kazi. Mtu aliyeko mbele yako bado ni wako.

2. KUNOA JEMBE KWA WAFILISTI

Someni 1 Samweli 13:19–22.

Hapa kuna habari ambayo mahubiri huipita haraka. Katika nchi yote ya Israeli hapakuwa na mhunzi hata mmoja. Wafilisti walikuwa wameushika ufundi wa chuma na hawakutaka Waebrania wajitengenezee panga na mikuki. Kwa hiyo mkulima wa Israeli akitaka kunoa jembe, shoka au mundu, ilimbidi ateremke kwa adui yake, na alilipa.

Baadhi ya tafsiri za zamani zinataja tupa katika mstari wa 21, kwa sababu neno la Kiebrania lililopo pale, “pim”, lilikuwa halijulikani maana yake. Baadaye wachimbaji wa mambo ya kale walipata vijiwe vya mizani vilivyoandikwa neno hilo hilo, vyenye uzito wa gramu 7 hadi 8 hivi. Kumbe pim ilikuwa kipimo cha fedha. Ilikuwa bei ya kunoa jembe!

Ndugu zangu, hali hiyo tunaijua. Teknolojia tunayoitumia haikutengenezwa na sisi, bei yake hatupangi sisi, na mwenye nayo hakuwa akitufikiria sisi alipoitengeneza. Mkumbuke mwaka 2020. Tarehe 17 Machi sehemu ya Industrial Area, mtaa wa 1 hadi wa 32, ilifungwa kwa ajili ya korona. Kuanzia Mei programu ya Ehteraz ikawa lazima kwenye simu. Aliyekuwa na simu ya kitufe alikwama mlangoni mwa duka, hata kama alikuwa mzima wa afya. Wengine walitumia hela ya chakula kununua simu iliyotumika.

Je, Waisraeli walifanya nini? Hawakuacha kulima. Waliteremka, wakalipa, wakanoa, wakarudi shambani. Kiburi hakikuwazuia, na uchungu haukuwazuia. Watoto walihitaji kula.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwambia kaka yetu mlinzi ni hili: teremka ukanoe. Zile kamera zina chumba chake, na katika chumba hicho anakaa mtu anayetazama skrini na kuandika taarifa. Omba kufundishwa. Ukikataliwa, omba tena mwezi ujao.

Mimi mwenyewe nimeteremka. Nilisomea uuguzi wakati wa mafaili ya karatasi. Nilipofika Qatar nilikuta kila kitu kiko kwenye kompyuta. Kabla ya kumpa mgonjwa dawa, unasoma kwa mashine alama iliyo kwenye mkanda wake wa mkononi, kisha alama ya dawa yenyewe, na visipolingana kompyuta inakuonya. Juma la kwanza nililia chooni. Nilikuwa muuguzi wa miaka mingi, na sasa nilikuwa wa mwisho kumaliza dawa za asubuhi. Aliyenifundisha ni binti wa Kihindi aliyeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Ilinibidi nimwite “mwalimu” na kukaa naye baada ya zamu. Leo nikiona onyo lile jekundu namshukuru Mungu, maana najua idadi ya makosa ambayo mkono uliochoka ungeweza kufanya.

Kunoa jembe pia ni kujua vifaa vinavyokulinda. Nataja viwili tu.

Mshahara. Qatar ina mfumo wa kulinda mishahara uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mwajiri anatakiwa kupitisha mshahara benki, ili serikali iweze kuona kama umelipwa na umelipwa lini. Ujumbe wa benki unaoingia kwenye simu yako ni ushahidi. Usiufute. Tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara wa msingi ni riyali 1,000, na kama mwajiri hakupi chakula na malazi, anaongeza riyali 300 za chakula na 500 za malazi.

Joto. Kwa amri ya mwaka 2021, kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba hairuhusiwi kufanya kazi nje kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Zaidi ya hapo kuna kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo, kinaitwa WBGT. Kikizidi nyuzi 32.1, kazi inasimama saa yoyote. Mtu akikuambia wewe ni mvivu, kipimo kinasema kweli. Nimeshika mikono ya vijana walioletwa kwetu wakiwa wamekauka, mkojo rangi ya chai. Hiki ni chombo ambacho ningependa kila mmoja wetu akifahamu.

3. DAUDI ALIVUA ASICHOKIJARIBU

Someni 1 Samweli 17:38–40.

Sauli alimvika Daudi silaha bora kuliko zote zilizokuwepo: kofia ya shaba, vazi la vita, upanga. Daudi akajaribu kutembea, akazivua. Sababu aliyotoa ni kwamba alikuwa hajazijaribu. Hakusema chuma ni dhambi. Mbele kidogo, katika mstari wa 51, anautumia upanga wa Goliathi mwenyewe, na miaka ya baadaye, katika sura ya 21, anauchukua tena na kuusifu. Daudi hakuwa mtu wa kukataa vyombo vipya. Alikuwa mtu wa kupima kwanza.

Niwasimulie kosa langu. Siku moja aliletwa kwangu mwanamume wa miaka kama hamsini, fundi wa magari. Nikamfunga mashine ya presha, ikaandika namba nzuri, na mapigo 76. Nikaziandika. Akaniambia, “Sista, moyo unanirukaruka.” Nikatazama tena skrini, nikamwambia yuko sawa, nikageukia mgonjwa mwingine. Alipokuwa anavaa viatu kuondoka, Roho alinichoma. Nikamrudia, nikaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wake kama nilivyofundishwa nikiwa mwanafunzi. Mapigo yalikuwa hayana mpangilio kabisa: mawili ya haraka, kimya, moja, matatu. Daktari alipompima umeme wa moyo ikaonekana kweli moyo ulikuwa unapiga ovyo, hali inayoweza kuleta kiharusi.

Mashine haikudanganya. Ilitoa hesabu ya mapigo, na hesabu ilikuwa ya kawaida. Haikuulizwa kama mapigo yana mpangilio. Aliyekosea ni mimi, kwa sababu niliamini skrini kuliko mtu aliyekuwa anazungumza nami.

Tangu siku hiyo nina kanuni: mashine kwanza, halafu vidole vyangu.

Kanuni hiyo inafaa nje ya zahanati pia. Simu zetu sasa zinaleta sauti na picha ambazo si za kweli. Akili mnemba inaweza kuiga sauti ya mtoto wako akilia kwamba amepata ajali na anahitaji hela sasa hivi. Inaweza kuandika barua ya ajira safi kuliko barua ya kampuni halisi. Kwa hiyo, kabla ya kutuma riyali hata moja, weka vidole kwenye mapigo:

– Kata simu, kisha mpigie mtu huyo mwenyewe kwa namba unayoijua.
– Kubalianeni nyumbani neno moja la siri ambalo familia tu inalijua. Mtu akiomba hela kwa dharura, aulizwe neno hilo.
– Namba ya siri inayotumwa na benki kwenye simu yako usimpe mtu yeyote, hata akisema yeye ni wa benki au wa polisi.
– Barua ya kazi mpya ipitishe kwa watu wawili wa kikundi kabla ya kulipa chochote.

Na ninyi wazazi mlio hapa na watoto, nanyi pimeni. Mtoto aliyetulia na simu saa tatu hajatulia, ametulizwa. Na wenzetu walioacha watoto nyumbani, simu ya video ni baraka kubwa ambayo wazee wetu waliofanya kazi mbali hawakuwa nayo. Lakini usiitumie kuuliza matokeo ya mtihani tu. Muulize mtoto amecheka nini leo.

4. NGUO ZA DORKASI

Someni Matendo 9:36–42.

Huko Yafa alikuwepo mwanafunzi aliyeitwa Tabitha, yaani Dorkasi. Alipokufa, Petro aliitwa. Alipofika chumba cha juu, wajane wakamzunguka wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa nao.

Hakuna aliyemwonyesha Petro sindano ya Dorkasi. Hakuna aliyesema alikuwa na mashono mazuri kuliko wote mjini. Wajane walikuwa wamezivaa nguo zile, au wamezishika mikononi. Walikuwa wanasema: alituona. Kama Dorkasi angekuwa na cherehani ya umeme, angeshona nguo nyingi zaidi, na wajane wangelia vile vile.

Ndiyo maana swali la kaka yetu, Mungu alinileta huku kufanya nini, haliwezi kujibiwa kwa kutazama geti. Inabidi tuulize: ni nani angekuja kulia akiwa ameshika nguo uliyomshonea?

Nilimpigia tena, nikamuuliza kwa maneno mepesi zaidi. “Kaka, usiku ukirudi kampini, nani anakuja kitandani kwako?”

Akacheka. Akasema wanakuja wengi. Kuna Mganda asiyejua kusoma vizuri, anamletea simu amsomee kama mshahara umeingia. Kuna Wanepali wawili anaowasaidia kujaza fomu kwenye simu. Na mwezi uliopita alimzuia mwenzake kutuma riyali 1,500 kwa mtu aliyejidai wakala wa ajira ya Ulaya. Alimwambia, “Ngoja kwanza tumpigie kwa video.” Yule wakala akakata simu na hakupatikana tena.

Nikanyamaza kidogo ili ajisikie alichosema. Kisha nikamwambia, “Hizo ndizo nguo.”

Wapendwa, siwezi kumwahidi kwamba mkataba wake utaongezwa. Mpaka ninapoandika somo hili bado hajaambiwa. Deni lake bado lipo, na imani haituruhusu kujifanya kwamba deni si kitu. Ameomba kufundishwa chumba cha kamera, na tunasubiri jibu pamoja naye. Lakini lile swali la kwanza limepata jibu. Mungu alimleta katika chumba chenye watu wanane, na watu hao wanane wanalala salama zaidi kwa sababu yupo. Geti lilikuwa mlango wa kumfikisha hapo. Akihamishiwa kazi nyingine, au hata akirudi nyumbani, jicho hilo la kuwaona watu litakwenda naye.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni chombo gani kipya kazini kwako kinachokutia hofu? Nani angeweza kukufundisha, na je, kiburi kinakuzuia kumwomba?
2. Waisraeli walilipa ili kunolewa majembe. Wewe unalipa nini kwa ajili ya teknolojia unayotumia: hela, usingizi, muda wa familia? Bei gani ni halali, na bei gani imezidi?
3. Umewahi kuamini skrini kuliko mtu? Ilitokea nini?
4. Taja mtu mmoja ambaye “amevaa nguo” uliyomshonea tangu ufike Qatar. Kama hujui, waulize wenzako kikundini wakuambie. Mara nyingi wengine wanaona kabla yetu.

ZOEZI LA JUMA

Chagua mtu mmoja ambaye hajui jambo unalolijua kwenye simu: kuangalia mshahara, kupiga simu ya video, kutambua ujumbe wa utapeli. Kaa naye nusu saa. Usimfanyie. Mwache ashike simu mwenyewe, wewe onyesha njia.

Wenye ujuzi wa kompyuta walio tayari kufundisha jioni moja kwa juma, waone viongozi wa vikundi. Wanaotaka kujifunza wasione aibu. Mimi nitakuwa mmoja wao, maana mfumo wetu kazini unabadilishwa tena.

TUOMBE

Baba, asante kwa akili ulizowapa wanadamu za kuvumbua vitu. Tupe unyenyekevu wa kujifunza, na hekima ya kupima kabla ya kuamini. Wakumbuke wenzetu wanaosubiri kujua kama mikataba yao itaongezwa, na familia zinazowasubiri nyumbani. Kazi ikibadilika, tufungue macho tumwone mtu uliyemweka mbele yetu. Katika jina la Yesu. Amina.